Daftari la Zawadi, Sanduku la Kufuli Tatu, Kisha Tableti: Tulivyokirimiana Iringa na Mbeya



Siku hizi kwenye begi la bibi harusi, baina ya udi, marashi na doti za khanga, si ajabu kukuta tableti. Aliyeitia huwa ameshapakua na programu zake: moja ya mapishi, moja ya kupangia wageni, moja ya kukumbusha sikukuu, na moja ya kuandika nani apewe zawadi gani na ya bei gani. Ahadi yake ni kwamba mwaka mzima hutasahau zawadi ya mtu wala hutaaibika mbele ya wageni. Mabibi harusi hutuuliza kama vitu hivi vinafaa, na jibu letu huwa refu kidogo, maana kazi ya kukumbuka, kupika na kukirimu wanawake wetu walikuwa nayo zamani sana kabla ya kioo cha kugusa. Leo tunaitazama kazi hiyo kutoka Iringa na Mbeya. Huko nyanda za juu ndiko unakotoka mchele tunaousifia, huko wameolewa dada zetu, na huko, mbali na bahari, kwenye baridi, katikati ya majirani ambao wengi wao si Waislamu, kazi yenyewe haijawahi kuwa nyepesi. Chombo kikitaka kupimwa, kipimwe mahali penye kazi.

Kitambaa kwanza, mchele baadaye

Zawadi ya mwanzo iliyopanda kutoka pwani kwenda nyanda za juu ilikuwa kitambaa. Katika karne ya 19 misafara iliyofuata pembe za ndovu ilibeba nguo na shanga, na hakuna mtawala aliyepitwa bila kupewa chake. Merere wa Usangu, Munyigumba wa Wahehe na kisha mwanawe Mkwawa, wote waliijua vyema nguo ya pwani. Hongo si zawadi ya mapenzi, hilo tunalijua. Lakini desturi ya kutopanda mikono mitupu ilianzia njia hizo hizo, na mpaka leo mgeni anayetoka Unguja akifika Mafinga bila kifurushi, hata akikaribishwa vizuri, watu watakuwa na la kusema.

Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, Mkwawa akafa 1898, na mji wa Iringa ukajengwa; boma lao la pale mjini leo ni makumbusho. Mbeya ni mji mchanga zaidi. Ulianza mwaka 1927, wakati watu walipokuwa wanakimbilia dhahabu ya Lupa. Biashara za miji hiyo miwili zilivuta Waswahili, Waarabu, Wahindi na Wabaluchi, na walipofika wao ikafika misikiti, na ilipofika misikiti ikafika Idi na shughuli zake za jikoni.

Hao Wabaluchi wanatuhusu sana sisi wa visiwani. Wengi wa mababu zao walikuja Zanzibar na mwambao kama askari wa masultani wa Oman. Baadhi ya vizazi vyao wakaingia bara kufanya biashara, wakafika Usangu, wakatulia. Ni wao, wakati wa Waingereza, walioanzisha kilimo cha mpunga cha kumwagilia katika bonde lile. Baadaye, miaka ya 1970, serikali ikajenga shamba kubwa la mpunga la Mbarali kwa msaada wa China, na leo Mbarali na Kyela ndiyo majina mawili yanayotajwa mchele wa Mbeya ukizungumzwa. Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, imejipatia sifa kwa harufu. Wauzaji sokoni nao wana ujanja wao: kila mchele unaonukia wanauita wa Kyela, hata kama gunia limetoka Rujewa. Programu ya mapishi iliyotungwa Marekani haijui ugomvi huu. Inakuandikia basmati, imemaliza.

Zawadi inayopakiwa kwenye basi

Lami ya barabara kuu ya kwenda Zambia ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Iringa mjini treni haipiti, inapita Makambako kisha Mbeya. Kwa hiyo mtu wa Iringa zawadi yake ilitegemea basi lipande mlima Kitonga salama. Kutoka Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800.

Kwa wasiowahi kutuma mzigo hivyo, utaratibu ni huu. Boksi linafungwa kwa kamba, jina la mpokeaji linaandikwa kwa kalamu nene pande zote mbili, linakabidhiwa ofisi ya basi au kondakta, na mpokeaji anapewa habari asubirie stendi. Kwenda juu hupanda nazi, kwa sababu mnazi hauipendi baridi ya huko, pamoja na halua, karafuu, iliki, mdalasini na khanga. Kushuka hushuka mchele, maharage, viazi, chai ya Mufindi au ya Rungwe, na vile vikapu vya milulu wanavyosuka wanawake wa Iringa, ambavyo ukiwa navyo kimoja kizuri hutaki kukitia mbatata. Njiani basi likisimama Ruaha Mbuyuni watu hununua vitunguu dirishani, Ilula hununua nyanya, na zawadi inaongezeka uzito kabla haijafika.

Hapa pana neno moja la historia ambalo mabibi harusi wa leo hawalijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba. Sukari, sabuni na nguo vilipatikana kwa foleni, na bara watu waliandikishwa maduka ya kaya ili wapate mgao. Zawadi ya harusi iliyomtoa mtu machozi wakati huo ilikuwa mche wa sabuni, kilo mbili za sukari, au doti moja ya khanga isiyochuja. Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa na maduka yakaanza kujaa, lakini wapo mama zetu ambao hadi leo wakienda harusini hawakosi kutia sabuni kwenye mfuko wa zawadi. Binti asione ni ushamba. Ile ni kumbukumbu ya wakati ambapo aliyekupa sabuni alikuwa amejinyima yeye kufua.

Daftari na sanduku

Sasa tufike kwenye jambo ambalo programu za zawadi zinadai kulifanya. Nani alikumbuka?

Lilikumbuka daftari. Katika shughuli za wanawake alikuwepo mmoja mwenye hati nzuri, amekaa mlangoni au karibu na somo, anaandika: jina la mtu, alicholeta, na kama ni fedha, kiasi gani. Daftari likifungwa linapewa mama wa bibi harusi, naye analitia sandukuni chini ya nguo. Lilikuwa na matumizi mawili. La kwanza ni shukrani. La pili, lililo zito zaidi, ni kurudisha: fulani akifikiwa na shughuli, unafungua daftari, unatazama alikutuza nini, na unapeleka kama hicho au kuzidi kidogo. Wanaotoka nje huona ni hesabu ya madeni. Sisi tunasema ni hesabu ya mapenzi, ila hatukatai kwamba lilikuwa na mkono mzito kwa asiye nacho. Kilicholipunguza uzito ni kwamba daftari lilisomwa na watu wawili watatu tu. Aliyeleta kikombe kimoja alikaa mkeka mmoja na aliyeleta seti nzima.

Katika miji ya bara, tangu miaka ya 1990, imeenea kichen pati, ambayo wenzetu wa Zambia, majirani wa Mbeya kwa mpaka wa Tunduma, walishaizoea kabla yetu. Waislamu wa Mbeya na Iringa wengi wameichanganya na mkesha na kupaka hina. Hatuna ugomvi nayo. Masufuria yanahitajika na mawaidha ya wakubwa yanahitajika. Lakini ndani ya kichen pati kuna tofauti moja kubwa: zawadi hutangazwa. Msema chochote anashika kipaza sauti, anataja aliyeleta friji, watu wanapiga vigelegele. Aliyeleta mwiko anatazama chini. Mabadiliko haya yalikuja kabla ya simu za kisasa, na tunataka msomaji aliweke akilini tukifika kwenye vikundi vya simu.

Kisha kuna sanduku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulienea Tanzania mtindo wa vikoba, uliochukuliwa kutoka kwenye vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991. Kabla yake tulikuwa na upatu, ambao uliishi na kufa kwa uaminifu wa kijumbe mmoja. Kikoba kilileta sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo anao mwanachama tofauti, wala mwenye sanduku si mmoja wao. Sanduku halifunguliwi mpaka watu wamekutana, na fedha huhesabiwa mbele ya macho yote. Kwa shughuli za Idi na harusi liliwafaa sana wanawake wa nyanda za juu, kwa sababu kipato cha huko kinafuata mavuno: mwezi wa sita mfuko umejaa, mwezi wa pili mtu anahesabu punje. Mkopo wa kikoba umenunua mchele wa futari nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Nasi hatujaona bado programu ya tableti yenye kufuli tatu.

Zawadi inapita hewani

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mwaka huo huo Zantel, mtandao uliokuwa na wateja wengi visiwani, nao ukaanzisha huduma yake, Z-Pesa, iliyokuja kuitwa Ezypesa. Mkono wa Idi ukaacha kusubiri basi. Bibi aliyeko Unguja aliweza kumpa mjukuu wa Mbeya fedha ya sikukuu asubuhi ya Idi mosi, kabla mtoto hajavua nguo mpya. Lakini mtandao mmoja haukuelewana na mwingine kwa wepesi. Mtu wa Zantel akimtumia wa Vodacom, fedha ilifika kwa mzunguko, mara nyingi ikabidi itolewe kwa wakala papo hapo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaunganishana, na Vodacom akaingia 2016. Magazeti yaliandika habari hiyo kama ya mabenki na kampuni. Kwa familia zilizogawanyika baina ya kisiwa na nyanda za juu, ilikuwa habari ya Idi.

Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, na watu wakarudi kwa muda kwenye desturi ya zamani ya kumpa fedha msafiri akupelekee. Malalamiko yakawa mengi, tozo ikapunguzwa mwaka huo huo. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kitu: chombo kikizidi gharama, wanawake hawakiombolezi. Wanarudi kwenye kile cha nyuma, ambacho hawakuwa wamekitupa.

Pamoja na fedha za simu kikaja kikundi cha WhatsApp cha mchango. Na hapa, kusema kweli, ndipo tunapokuwa na wasiwasi. Daftari lililokuwa chini ya nguo sasa linabandikwa kila jioni mbele ya watu mia: namba, jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Pembeni ya asiyelipa kuna nafasi tupu, na kila anayefungua simu anaiona. Yawezekana ni mjane. Yawezekana ana mgonjwa Rufaa na hataki kusema. Dini yetu imetufundisha ubora wa kutoa kwa siri na kumsitiri mwenzetu, nasi tumelichukua jambo la siri tukalifanya tangazo, kisha tukalisifia kwamba ni uwazi. Uwazi wa sanduku la kufuli tatu ni wa watu thelathini waliokubaliana na kujuana. Huu wa kikundi ni mwingine.

Disemba ya nani?

Tableti tunayoijua leo ilianza na iPad, Aprili 2010, na zile za Android zikafuata mwaka huo huo. Haukupita muda zikajaa programu za sikukuu, za zawadi na za kukaribisha wageni. Nyingi zilitungwa kwa nyumba ya aina moja: sikukuu yake ni Disemba, jiko lake lina tanuri lenye namba, na mlango wake una anwani ya kupokelea mzigo.

Anwani tumeanza kuipata juzi. Operesheni ya anwani za makazi na postikodi ilifanywa nchi nzima mwaka 2022, na hata hivyo boksi la Mbeya bado linapokelewa stendi. Sikukuu ni tatizo kubwa zaidi. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi inatembea. Mwaka 2000 Idi ndogo zilikuwa mbili, moja Januari na nyingine Disemba. Mwaka 2015 ikaangukia Julai, na anayeijua Mbeya ya Julai anajua watoto walivaa masweta juu ya nguo za sikukuu na chai ya tangawizi ilipendwa kuliko juisi. Mwaka 2018 ikawa Juni, mpunga unavunwa, mchele mpya, bei ya kuvutia. Ikiangukia Machi, ghala tupu. Kalenda ya kujengwa kwa Disemba haiwezi kukupangia haya, na hata programu za kalenda ya Kiislamu hukupa tarehe ya hesabu, si mwezi ulioonekana. Mwaka kuna nyumba ya Iringa inaswali Idi na jamaa zao wa kisiwani bado wamefunga, au kinyume chake. Mpishi wa pilau lazima ajue wageni wake wanafuata mwandamo upi.

Mapishi ndiyo yanayotufurahisha kuyaeleza. Mji wa Iringa uko kama mita 1,600 juu ya bahari, na Mbeya uko kama mita 1,700. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu, kwa hiyo Mbeya maji yanatokota yakiwa na nyuzi kama 94 au 95 badala ya 100. Yanatokota, mvuke unatoka, lakini moto wake ni mdogo. Maharage yanachukua muda mrefu, nyama ya pilau nayo, na mchele ukiufuata muda ulioandikwa na mpishi wa pwani utakuta kiini kigumu. Bibi harusi wa Unguja aliyeolewa Iringa hulaumiwa na mawifi kwamba hajafundwa jikoni. Maskini, alifundwa vizuri sana, ila usawa wa bahari. Na unga wa maandazi au mkate wa ufuta kwenye baridi ya Juni hauumuki kwa saa moja. Wenyeji huuweka karibu na jiko, wamefunika kwa kanga, na kuuacha mpaka utakapotaka wenyewe. Programu inakupigia kengele ya dakika 60. Uache ulie.

Pamoja na hayo, tableti ina faida ambayo daftari halikuwa nayo. Dada aliyeko Tukuyu anaweza kumwona mama yake wa Chake Chake akisonga halua, akamsimamisha, akamuuliza mafuta yatiwe wakati gani. Mapishi mengi ya bibi zetu yalipotea kwa sababu hayakuandikwa. Mkono ndio uliojua, na mkono ulizikwa. Ukirekodi mkono wa mama yako ukipima chumvi, hujafanya jambo dogo.

Nani anashika amana

Lililobaki ni la amana. Novemba 2020 waandishi wa Marekani walifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa programu kadhaa zilikuwa zinafika kwa kampuni ya X-Mode, iliyokuwa ikiziuza, na wateja wa mwisho wakiwemo wakandarasi wa jeshi. Miongoni mwa programu hizo ilikuwemo Muslim Pro, ambayo mamilioni ya Waislamu huitumia kujua wakati wa sala na kibla. Wenye programu walisema wamekata uhusiano huo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje. Ni jambo jema, ingawa sheria haikai ukumbini na wewe. Huko ukumbini zipo shughuli ambazo simu hukusanywa mlangoni kabla bibi harusi hajatoka, na tunaziunga mkono. Picha ya mwanamke aliyejipamba mbele ya wanawake wenzake ni amana kama lilivyokuwa daftari.

Kwa hiyo bibi harusi anayetuuliza tunamwambia hivi. Mapishi yatie kwenye tableti, na pembeni ya kila pishi andika lilipikwa wapi, pwani au nyanda za juu, na lilichukua muda gani. Kalenda ijaze mwenyewe, mwezi ukionekana. Zawadi ulizopewa ziandike kwenye daftari la karatasi, jina kwa jina, ulifiche sandukuni. Na wenye ndugu Mbarali au Kyela watazame mbele kidogo: mwaka 2030 tunatarajia Ramadhani mbili, moja ikianza mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Disemba, zote wakati mpunga bado uko shambani. Mchele wa futari hizo ni wa mavuno ya 2029 na ya katikati ya 2030, na magunia yaanze kutafutwa mwezi wa sita, bei ikiwa chini.